Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Bukombe: Mwalimu Kabla ya Kombe

Kwa: Waheshimiwa Madiwani,
Halmashauri ya Wilaya ya Bukombe,
Ushirombo.

YAH: WALIMU WA MWILI NA AKILI KATIKA MICHEZO NA MAZOEZI, RUNZEWE NA KATA NYINGINE

Waheshimiwa,

Kila mashindano ya kata yanapokaribia, orodha ya mahitaji huwa ileile: jezi, mipira, nyavu, chokaa ya kuchorea uwanja, posho ya waamuzi, kombe, na mbuzi wa bingwa. Anayekosekana kwenye orodha hiyo ni mwalimu. Timu za mitaani hufundishwa na kijana aliyewahi kucheza vizuri, au na yule anayewazidi wenzake umri, naye huifanya kazi hiyo kwa mapenzi tu, bila kupewa hata siku moja ya mafunzo. Nawaandikia kuomba mpangilio huo ugeuzwe, mwalimu awe wa kwanza kuandikwa na kombe liwe la mwisho. Na ninaposema mwalimu nina maana ya mtu aliyefunzwa mambo mawili kwa pamoja: kuujenga mwili bila kuuvunja, na kumzoeza mtu kuitawala hofu yake, hasira yake na kukata tamaa kwake. Mtu huyo asiwe wa wachezaji peke yao. Awe pia wa mama muuza mitumba mwenye presha, wa dereva wa bodaboda mwenye maumivu ya mgongo, na wa mchimbaji anayepanda kutoka duarani, yaani shimoni, jioni magoti yakitetemeka.

Niruhusuni nianze na jambo ambalo kila mmoja wenu amelishuhudia, penalti ya mwisho. Uwanja hauna uzio, kwa hiyo watu wamejaa hadi nyuma ya goli, wengine wakizishika nyavu. Kijana anautenga mpira, anauokota, anautenga tena. Anamtazama kocha, kocha kajishika kichwa. Filimbi inalia, na kabla haijanyamaza kijana amekwisha kuufuata mpira mbio, kama mtu anayetaka jambo lile limpite tu. Mpira unapaa juu ya mwamba. Kesho yake mtaa mzima unasema hana mguu. Lakini mguu anao, na kila aliyemwona mazoezini anajua. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, pamoja na wenzake, alizichambua penalti za miaka mingi za Kombe la Dunia, za mataifa ya Ulaya na za Ligi ya Mabingwa. Mpigaji ambaye bao lake lingeipa timu ushindi papo hapo alifunga zaidi ya mara tisa katika kila kumi. Mpigaji ambaye kukosa kwake kungeitoa timu mashindanoni alifunga takriban mara sita katika kumi. Umbali ni uleule wa mita 11, goli ni lilelile, na wote ni wachezaji wakubwa wanaoishi kwa mpira. Kilichobadilika ni mawazo yaliyomo kichwani. Jordet aligundua pia kwamba wanaoukimbilia mpira mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi kuliko wanaojipa muda.

Hilo la mwisho ndilo linalonipa matumaini, kwa sababu kujipa muda ni jambo la kufundishika. Mwalimu anaweza kumzoeza kijana kuchagua kona kabla hajaushika mpira, asiibadilishe. Kuvuta pumzi moja ndefu na kuitoa taratibu kuliko alivyoivuta. Kusubiri kidogo baada ya filimbi. Na kufanya hivyo kila siku mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka na wenzake wakimzomea kwa makusudi, hadi mwili ujue njia hata kichwa kinapochanganyikiwa. Uingereza ilikuwa haijawahi kushinda penalti hata mara moja katika Kombe la Dunia hadi mwaka 2018, ilipoitoa Kolombia jijini Moscow baada ya kocha wake Gareth Southgate kulifanya suala la akili kuwa sehemu ya mazoezi, akimtumia mwanasaikolojia Pippa Grange. Miaka mitatu baadaye ilifungwa kwa penalti na Italia kwenye fainali ya Ulaya, tena nyumbani kwao Wembley. Nalitaja hilo makusudi, maana anayewaahidi kwamba saikolojia ya michezo huleta makombe anawadanganya. Inachofanya ni kumwezesha mchezaji kufika kwenye mpira akiwa na akili zake zote. Baada ya hapo mchezo ni mchezo.

Najua jibu ambalo wengi wenu mnalo tayari, kwa kuwa ni jibu la heshima: wazee wetu walishinda bila mambo haya. John Stephen Akhwari aliumia goti kwenye maratoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na akaingia uwanjani wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, jua limekwisha kuzama. Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho kule Christchurch mwaka 1974 na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3:32.2, akimwacha John Walker ambaye naye siku hiyo alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Ni kweli. Lakini tuiangalie hoja hiyo vizuri. Watu hao tunawajua kwa sababu walikuwa wa pekee. Waliokuwa na miguu kama yao na wakaishia njiani kwa kukosa mtu wa kuwashika mkono hatuna majina yao. Tena nguvu za akili walizokuwa nazo hazikushuka kutoka mbinguni. Kuongoza mbio nzima peke yako, ukijua wote wako mgongoni mwako, ni uamuzi uliofanyiwa mazoezi kwa miezi. Na huyo huyo Bayi, kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, aliondoka kasi mno, akaongoza kwa mbali, akapitwa na Bronisław Malinowski wa Poland mwishoni na kurudi na medali ya fedha. Mtindo uliompa dhahabu ndio uliomgharimu. Kupanga kasi ni kazi ya kichwa, na hata bingwa huihitaji.

Habari ya Akhwari nayo nina hofu na namna tunavyoitumia. Huwa tunawasimulia watoto ili wasikate tamaa, na hilo ni jema. Ila yupo kocha anayeisimulia kwa mtoto wa miaka 14 aliyeteguka kifundo, ili arudi uwanjani kipindi cha pili. Akhwari alikuwa mtu mzima aliyeamua mwenyewe, akiwa amevaa rangi za taifa, katika siku moja ya maisha yake. Mtoto wa shule kwenye ligi ya kugombea mbuzi hana deni hilo kwa mtu yeyote. Mwalimu aliyefunzwa anajua kutofautisha uvumilivu na uharibifu, na anajua kwamba kumwambia mtoto "keti, leo basi" wakati mwingine ndio ushauri wa kisaikolojia ulio bora kuliko yote.

Kama ni mfano, mkimbiaji wetu wa maratoni Alphonce Simbu anafaa zaidi. Alipata shaba ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu aliipata Tokyo, Septemba 15, 2025, baada ya miaka minane. Muda wake na wa Mjerumani Amanal Petros uliandikwa sawasawa, saa 2:09:48, na picha ya mstari ndiyo iliyoamua kwamba Simbu ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Mita chache kabla ya mstari alikuwa nyuma. Hakuna anayeweza kujua kilichokuwa kichwani mwake wakati ule, nami sitajifanya kujua. Ila miaka minane ya kurudi mazoezini kila asubuhi, dhahabu ikiwa haijaonekana, ni jambo la akili kabla halijawa la mapafu. Vijana wetu wengi wenye kipaji hawafiki hata miaka miwili.

Kuna ukweli mwingine tunaoufahamu wote ingawa hauandikwi kwenye taarifa yoyote ya mapato na matumizi. Timu zetu tayari hulipia maandalizi ya akili. Ndiyo kazi ya ile inayoitwa kamati ya ufundi: fedha zinachangwa, mtu anasafiri usiku kwa mganga, wachezaji wanaambiwa wasipite mlango mkuu, kila mmoja anavaa alichopewa. Silitaji jambo hili kumdhihaki mtu. Watu wa ukanda huu walijua zamani kwamba shindano huamuliwa pia moyoni. Usukumani, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yameshindana kwa vizazi, kila upande ukiwavuta watazamaji kwake, na maandalizi yao hayajawahi kuwa ya miguu na sauti peke yake. Anayeniambia kwamba saikolojia ni mambo ya Wazungu namwomba alikumbuke hilo. Hoja yangu ni kwamba ujasiri tunaoununua kwa njia hiyo haubaki na mchezaji. Siku alichovaa kikianguka, ujasiri umeanguka nacho. Na timu ikifungwa, lawama humwendea mwenzake anayedaiwa kuuza mechi au kuvunja masharti, na timu husambaratika kwa kushukiana. Ujasiri uliofundishwa mchana, mbele ya wote, kwa pumzi na mazoezi, kijana huondoka nao. Ataingia nao kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne, na ataingia nao kwenye usaili wa kazi.

Linaloniuma zaidi kuliko mechi yoyote ni watoto wanaoacha. Katika mji mwingine, mtoto anayeacha timu akiwa na miaka 14 hurudi nyumbani. Katika ukanda wetu wa dhahabu ana mahali pengine pa kwenda, na pesa yake ya kwanza inamsubiri kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliwafunza makocha wa kujitolea wa besiboli ya watoto kwa warsha ya saa chache tu. Waliwafundisha kusifu juhudi na si matokeo pekee, kumtia moyo mtoto mara tu anapokosea, kumwelekeza badala ya kumtusi. Kisha waliwafuatilia watoto hao hadi msimu uliofuata na kuwalinganisha na watoto wa makocha ambao hawakupata mafunzo. Kwa matokeo waliyoyachapisha mwaka 1992, kwa makocha ambao hawakufunzwa waliacha asilimia 26. Kwa waliofunzwa waliacha asilimia 5. Timu za makocha waliofunzwa hazikuwa zimeshinda mechi nyingi zaidi. Watoto walibaki kwa sababu ya namna walivyosemeshwa. Seattle si Runzewe, na namba hizo haziwezi kuhamishwa kama zilivyo. Hata hivyo mtoto anayeitwa "zezeta" mbele ya wenzake anaumia kwa namna ileile kote duniani, na dawa iliyotumika haikuwa ya gharama.

Sasa niwaendee wasiocheza, maana ndio wengi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mtu akiyasema hayo Runzewe ataulizwa: mchimbaji anapiga moko kutwa nzima, mama anatembea na ndoo kichwani, unamwongezea mazoezi ya nini? Swali hilo ni zuri, na jibu lake linashangaza. Nchini Denmark, Andreas Holtermann na wenzake walifuatilia watu wazima zaidi ya 100,000 wa Copenhagen, na mwaka 2021 wakaeleza kwamba waliofanya mazoezi kwa hiari walipungukiwa na hatari ya magonjwa ya moyo na vifo, ilhali waliofanya kazi ngumu za mwili hatari yao iliongezeka. Maelezo wanayoyatoa ni rahisi kueleweka na mtu yeyote aliyewahi kubeba kiroba cha mawe. Mazoezi huchukua muda mfupi, mapigo ya moyo hupanda na kushuka, kisha mwili unapumzishwa na kujijenga. Kazi nzito huchukua saa nane au kumi, mgongo umeinama upande mmoja, presha ikiwa juu muda wote, na kesho yake inaanza kabla ya uchovu wa leo kuisha. Jasho ni jasho, lakini moja linajenga na jingine linakula.

Kwa hiyo mwalimu wa mazoezi anayemhudumia mchimbaji hamwongezei mzigo. Anamfundisha kuukumbatia mfuko karibu na kifua, kuinuka kwa mapaja badala ya kiuno, kuunyoosha mgongo uliokuwa umekunjwa tangu asubuhi, na kukaza misuli ya tumbo na kiuno inayoubeba uti wa mgongo. Ni dakika ishirini. Dereva wa bodaboda, ambaye kazi yake ni kukaa, anahitaji kinyume chake: kutembea kwa kasi hadi apumue kwa nguvu. Na hapa ndipo saikolojia inaporudi, kwa sababu watu hawaachi mazoezi kwa kukosa kujua faida zake. Wanaacha wiki ya tatu kwa sababu waliahidi makubwa mno, hawakuona mabadiliko, na hakuna aliyewauliza jana walikuwa wapi. Mwalimu mzuri humpa mteja lengo dogo la wiki, humwunganisha na mwenzake wa mtaa mmoja, na humfungia mazoezi kwenye jambo analolifanya tayari, mathalani kabla ya kufungua kibanda. Kwa wanawake liko la nyongeza. Wengi hawatakuja kuruka na kujinyoosha mbele ya wanaume uwanjani, nami siwalaumu. Bila walimu wanawake, mpango wowote utakuwa wa nusu ya wananchi.

Mtaniuliza: wataalamu hao tuwatoe wapi, wakati hata hospitali kubwa zina wanasaikolojia wachache? Siombi mwajiri wanasaikolojia. Zimbabwe nayo ilikuwa na upungufu mkubwa, na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda akawafundisha kina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza mtu kwa utaratibu maalumu wa kutatua matatizo. Jaribio lililofanyika katika kliniki 24 za Harare, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016, lilikuta kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliokaa na kina bibi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Utaratibu huo umekwisha kuvuka hadi Zanzibar. Kama bibi aliyefunzwa vizuri anaweza kazi hiyo, mwalimu wa shule anayefundisha michezo ataweza iliyo nyepesi kuliko hiyo. Kule Iten, Kenya, Brother Colm O'Connell alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila kuwa kocha wa riadha, na miaka mingi baadaye mwanafunzi wake David Rudisha akavunja rekodi ya dunia ya mita 800 kwenye Olimpiki ya London. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake kwa makini. Nasi chuo tunacho Kanda hii hii ya Ziwa: Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba.

Pingamizi ninalolipa uzito kuliko yote ni la hatari. Mwalimu aliyefunzwa nusu anaweza kuumiza zaidi ya asiyejua kitu, kwa kuwa anaaminiwa. Kweli kabisa, ingawa hata bila mwalimu watu wanajiumiza tayari: vijana wananyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuchomekwa kwenye bomba, uzito wa kulia na wa kushoto haulingani, na hakuna wa kuwaambia waanzie wapi. Kwa hiyo mafunzo yawe na mipaka iliyoandikwa. Mchimbaji mwenye kikohozi kisichoisha asipewe mbio. Apelekwe kituo cha afya kupimwa kifua kikuu na madhara ya vumbi la mawe. Mwenye presha apimwe kwanza. Mwenye dalili za sonona, au anayesema hataki kuishi, akabidhiwe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, na mwalimu asijaribu kumtibu. Kocha asiwe peke yake na mtoto mahali pa faragha, asimchape, na atakayevunja masharti hayo aondolewe bila kujali timu yake iko nafasi ya ngapi.

Kuhusu fedha, nianze na kilichotokea jirani. Klabu ya Geita Gold ilipanda Ligi Kuu, ikamaliza ya nne msimu wa 2021/22, George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, timu ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Kisha msimu wa 2023/24 ikashuka daraja. Sisemi ilishuka kwa ajili ya saikolojia. Nasema timu hupanda na kushuka, na wilaya inayohesabu michezo yake kwa timu moja hubaki mikono mitupu timu ikishuka. Walimu waliosambaa kwenye kata hawashuki daraja. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii na kukubaliana nao na halmashauri. Mipango hiyo tumezoea kuiona katika majengo, na hakuna kinachozuia mafunzo ya watu kuingizwa humo. Vikundi vya vijana na wanawake watakaofuzu vinaweza kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vikafungua sehemu za mazoezi za kulipia kidogo, ili kazi iendelee bila kuingojea posho.

Ninachowaomba kwa bajeti ijayo ni hiki. Kila kata itoe watu wawili, mwanamume na mwanamke, walimu wa shule au makocha wa mtaani, waliochaguliwa kwa kujulikana kuwa na subira na watoto. Wakae darasani na uwanjani wiki mbili za likizo ya Desemba, chini ya wakufunzi wa Malya, na muuguzi mmoja kutoka kituo cha afya awafundishe kupima presha na kutambua dalili za hatari. Warudi kwa siku tatu kila baada ya miezi minne kueleza walichokutana nacho. Na kanuni za mashindano ya kata ziongezwe mstari mmoja: timu isiyo na mwalimu aliyefunzwa haisajiliwi. Kama fedha hazitoshi kwa mafunzo na mashindano yote mawili mwaka huu, naomba kombe na jezi zisubiri. Vijana watacheza na fulana za nyumbani, upande mmoja ukiwa umezivua, kama wanavyocheza kila jioni.

Wenu,
Mkazi wa Runzewe